Vyakula vya moyo na mishipa kwa mtu wa Moshi: tuanzie kwenye dumu la mafuta

Mtu akishaambiwa hospitali kwamba presha imepanda au lehemu, yani kolesteroli, imezidi kwenye damu, swali la kwanza analotoka nalo ni "nile nini cha kusafisha mishipa", na hapo ndo biashara inapoanzia, atauziwa unga wa mbegu sijui za nini, mafuta ya zeituni kachupa kadogo kwa hela ambayo angenunua kuku, limao na kitunguu saumu vimesagwa vikawekwa kwenye chupa ya maji, yani kila kona ina dawa yake. Ngoja niseme mapema tuelewane, hamna juisi wala mzizi unaoingia kwenye mshipa ukakwangua uchafu kama unavyokwangua ukoko kwenye sufuria. Lehemu haijabandika juu juu, inaingia ndani ya ukuta wenyewe wa mshipa, chembe nyeupe za damu zinaimeza mpaka zinavimba, panajengeka kauvimbe kidogo kidogo kwa miaka mingi bila wewe kusikia chochote, siku kauvimbe kakipasuka damu inaganda juu yake na njia inazibika, ikiwa ni mshipa wa moyo ndo shambulio la moyo, ikiwa ni wa kichwani ndo kiharusi.

Kazi ya chakula hapo ni kupunguza ile lehemu inayozunguka kwenye damu na kushusha presha inayoumiza hiyo mishipa. Sio kazi ndogo. Na vitu vya kuifanya vipo sokoni Mbuyuni, vipo Kiboriloni, vingine viko shambani kwa bibi huko Kibosho, hamna haja ya kwenda supamaketi kununua chakula cha kopo chenye picha ya moyo. Ila wengi wanaanzia pabaya, wanaanza kuongeza parachichi na matunda huku sufuria ni ile ile ya siku zote. Mimi nasema anza na mafuta na chumvi, ukishavimaliza hivyo ndo uje kwenye mengine.

Mafuta

Mafuta yanaingia kwenye kila kitu, mboga, wali, maharage, mayai, kwa hiyo ukibadilisha hapo umebadilisha milo yote bila kubadilisha menyu. Mafuta mengi ya bei rahisi yanayopimwa kwa Mangi kutoka kwenye dumu la lita 20 ni mawese yaliyosafishwa, ule wekundu umetolewa ndo maana mtu anayaona ya kawaida tu. Mawese karibu nusu yake ni yale mafuta ya aina ya kuganda, ambayo yanafanya ini lisivute vizuri lehemu mbaya, yani ile inayoingia kwenye ukuta wa mshipa, kutoka kwenye damu, inabaki inazunguka. Alizeti ina kama asilimia 10 hivi ya mafuta ya aina hiyo, iliyobaki ni ile laini ambayo inasaidia kuishusha lehemu mbaya. Mafuta ya nazi ndo kabisa, yanapita asilimia 80, kwa hiyo wale wanaoyasifia mtandaoni kwamba yanatibu moyo waulize vizuri, wali wa nazi Jumapili moja moja sio kesi ila usiyafanye ndo mafuta ya nyumba.

Huku kwetu tuna bahati ya baridi. Mwezi wa sita na wa saba ukiamka asubuhi angalia chupa ya mafuta jikoni, ikiwa imekuwa nyeupe imeganda mpaka unaiweka kwenye maji ya moto ndo yatoke, hapo ujue unatumia mawese au mchanganyiko wenye mawese mengi, hata kama mbele wamechora ua la alizeti. Alizeti yenyewe inabaki inatiririka, ile ya kukamua kienyeji inaweza kuweka mashapo kidogo chini lakini haigandi chupa nzima. Kama ni chupa ya kiwandani geuza nyuma usome maandishi madogo, ukikuta "palm olein" basi ni mawese, hata jina la mbele liwe tamu vipi.

Bei ndo tatizo najua, alizeti iko juu. Sasa suluhisho sio kukopa, ni kupunguza kiasi, maana wengi tunamimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa mpaka mboga inaogelea. Tumia kijiko. Mi nina kipimo changu cha kukadiria tu, nyumba ya watu watano lita moja ikae wiki nzima, hiyo inampa kila mtu kama vijiko viwili vya chakula kwa siku, na hapo bado ni vingi kwa mtu anayetaka kupungua. Kama lita kwenu inaisha siku ya tatu, tayari umeona hela ya alizeti inapotokea.

Yale ya kopo na ya ndoo yaliyo magumu kama siagi, soma lebo pia. Kuna mafuta ya maji yanayogandishwa kiwandani kwa kuyaingizia hidrojeni, na yale yaliyogandishwa nusu nusu ndo mabaya kuliko yote, yanapandisha lehemu mbaya na wakati huo huo yanashusha ile nzuri. Ukiona kwenye lebo neno "hydrogenated" rudisha kwenye shelfu. Na ile ya kupaka kwenye mkate asubuhi, jamani parachichi si lipo? Ponda parachichi, kamulia ndimu, paka, mafuta yake mengi ni yale laini na lina nyuzinyuzi juu. Mtu wa Moshi kununua siagi ya kopo wakati mparachichi unadondosha uani hiyo siielewi.

Mafuta yaliyokaangia usiyarudie rudie. Yakishakuwa meusi, yanatoa povu na moshi mapema, yamwage.

Chumvi, na huyu ndugu yake magadi

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana, kwa siku nzima, vyakula vyote. Chumvi ikizidi mwili unashikilia maji, damu inakuwa nyingi kwenye mabomba yale yale, presha inapanda, na presha ikikaa juu muda mrefu ukuta wa mshipa unachubuka na lehemu inapata pa kuingilia.

Kwa kuwa hamna anayepima gramu jikoni, fanya hesabu ya pakiti. Watu watano kwa gramu 5 ni gramu 25 kwa siku, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo inatakiwa iwakalishe siku 20 hata kama mngekuwa hamli chumvi nyingine popote, na mnakula, maana mkate una chumvi, zile bizari na vikolezo vya pakiti vya mchuzi vina chumvi nyingi kuliko bizari yenyewe, samaki wa kukaushwa na chumvi kama ng'onda usiseme. Andika tarehe kwenye pakiti kwa kalamu siku unayoifungua. Ikiisha wiki ya pili umepata jibu.

Sasa magadi. Hapa ndo watu wa Kaskazini tunapigwa chenga, mama anakwambia kabisa "mimi chumvi nimeacha, daktari alinikataza", halafu kwenye makande kaweka magadi, kwenye kiburu cha ndizi na maharage magadi, maharage magadi ili yaive haraka. Magadi ni sodiamu. Ile ile inayopandisha presha kwenye chumvi ndo iliyojaa kwenye magadi, tofauti ni ladha tu, na kwa sababu hayakoleshi ulimi kama chumvi mtu anatia hayo halafu anaongeza chumvi juu. Dawa yake ni kuloweka maharage tangu usiku, asubuhi unamwaga yale maji, unachemsha na maji mapya, yanaiva mapema bila magadi na hata gesi tumboni inapungua. Kama yanagoma kuiva basi ni ya zamani, badilisha unaponunulia, omba ya msimu huu.

Chumvi ukiipunguza ghafla chakula kinakuwa kama maji, familia itagoma na wewe mwenyewe utarudi nyuma. Punguza kidogo kidogo, ulimi unazoea ndani ya wiki kadhaa. Huku ukiongeza ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, giligilani, pilipili hoho, nyanya nyingi zikaangwe mpaka ziwe rojo. Ndimu hasa, kamulia mwisho wakati unaepua, inadanganya ulimi vizuri sana. Na kikopo cha chumvi kiondoke mezani kabisa, kikiwepo mkono utaenda wenyewe kabla hata ya kuonja.

Maharage na ndugu zake

Ukiniuliza chakula kimoja cha moyo kutoka sokoni nakwambia jamii ya maharage, sio kwa sababu ni rahisi, ni kwa sababu yana aina ya nyuzinyuzi zinazolainika kwenye maji zikawa kama utelezi. Zikifika tumboni zinanasa nyongo na kutoka nayo chooni, na nyongo inatengenezwa na ini kwa kutumia lehemu, kwa hiyo ini linalazimika kuvuta lehemu nyingine kutoka kwenye damu litengeneze nyongo mpya. Ndo hivyo hivyo oti zinavyofanya kazi, zile wanazouza ghali kwenye boksi, ni nzuri kweli wala sizipingi, ila sado ya maharage au choroko itakulisha wiki ngapi kwa hela hiyo?

Badilisha badilisha usichoke. Maharage ya njano, kunde, choroko, mbaazi, njegere, dengu, ngwara zile wanazolima sana upande wa Karatu. Ndizi na maharage, yani kiburu, bila magadi na kijiko kimoja cha alizeti, hicho ni chakula ambacho mtaalamu wa lishe yeyote angekusifia, na wazee wetu wamekula miaka yote. Makande hivyo hivyo. Lengo la kuanzia liwe mara nne kwa wiki maharage yawe ndo mboga kuu, sio maharage pembeni ya nyama.

Ugali nao, dona. Ukienda mashineni waambie wasage bila kukoboa, sembe nyeupe imeshatolewa ganda na kiini. Kama nyumbani wanalalamika changanya nusu kwa nusu kwanza.

Nyama

Hapa najua nagombana na watu. Nyama choma iko damuni huku, Arusha kuna Kwa Mrombo, Moshi kila mtaa una banda lake, na msiba au sherehe bila mbuzi sio sherehe. Sisemi uache. Nasema angalia unakula nini kwenye huyo ng'ombe na mara ngapi. Ukifika buchani kataa ile "niwekee na mafuta kidogo", omba steki, na kama umepewa mchanganyiko ukifika nyumbani toa yale mafuta meupe kwa kisu kabla hujapika. Nundu ni tamu, ndo lakini ni mafuta matupu. Supu ichemshwe jioni ilale, asubuhi kwa baridi ya huku utakuta juu pameganda ukoko mweupe, chota wote tupa, supu iliyobaki ni ile ile na ladha haijaenda popote. Mtori upike hivyo hivyo, nyama isiyo na mafuta, na usimalizie kwa siagi. Kuku mtoe ngozi. Kiti moto kwa wanaokula, kibao cha kuchoma kinachodondosha mafuta kwenye mkaa ni afadhali kuliko kile kinachokaangwa kwenye mafuta yake mwenyewe, ila vyote ni vya mara moja moja.

Soseji na nyama za kusindikwa ziepuke zaidi hata ya nyama yenyewe, zina mafuta na chumvi kwa pamoja.

Halafu kuna ile hoja ya kijiweni, "mbona Wamasai wanakula nyama na maziwa na hawaugui moyo". Hilo lilishachunguzwa zamani, daktari Mmarekani anaitwa George Mann na wenzake walipima Wamasai miaka ya 60 wakakuta lehemu yao iko chini, afu mwaka 1972 wakachapisha matokeo ya kuchunguza mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki, na walikuta mishipa ina mafuta ukutani kama ya wazee wa Marekani, ila ilikuwa imetanuka ikawa mipana kwa hiyo damu inapita. Wenyewe walifikiri kutembea sana kulichangia. Sasa we unayekaa dukani tangu asubuhi afu unapanda bodaboda kwenda kula mbuzi, huyo Mmasai wa 1972 anakuhusu nini?

Samaki ni afadhali kuliko nyama nyekundu, mara mbili kwa wiki panatosha. Dagaa wa Mwanza, perege wa Nyumba ya Mungu, vibua. Vibua na dagaa wana yale mafuta ya samaki mazuri kwa moyo. Shida ni upikaji, dagaa wanakaangwa mpaka wanakunywa mafuta yote, jaribu kuwapika na nyanya na kitunguu rojo rojo. Dagaa wa bahari wengi wamechemshwa na chumvi kabla ya kuanikwa, waloweke uwaoshe vizuri.

Mayai nisiyasahau maana watu wameogopeshwa sana. Moja kwa siku kwa mtu wa kawaida halina neno, lehemu ya kwenye yai haipandishi ya kwenye damu kwa kiasi ambacho mafuta ya kukaangia yanapandisha. Chemsha. Mwenye kisukari au lehemu iliyo juu sana aongee na daktari wake kuhusu idadi.

Mboga, matunda na kikombe

Hapa sitakaa sana kwa sababu kila mtu anajua. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni gramu 400 kwa siku, mboga na matunda pamoja, ambayo ni kama viganja vitano hivi. Mnafu, mchicha, figiri, majani ya maboga, sukuma, nunua fungu la kitu tofauti kila siku. Yana potasiamu ambayo inasaidia mwili kutoa sodiamu kwenye mkojo, na ndizi na parachichi vilevile. Mboga isichemshwe mpaka ife halafu maji yamwagwe, mnafu ule mchungu najua lazima mwage maji ya kwanza, sawa, ila mchicha hauna kosa. Karanga za kuchemsha au kukaanga bila chumvi, kiganja kimoja, badala ya maandazi ya saa nne.

Tunda lile kama tunda, juisi ya kukamua yenye sukari ni soda tu yenye rangi nzuri. Sukari ikizidi inapandisha aina nyingine ya mafuta kwenye damu, na chai ya vijiko vinne mara tatu kwa siku inafika mbali.

Kahawa sasa, na hapa ni nyumbani kwa kahawa. Kahawa kwa kiasi haina shida ila namna ya kuipika ina shida, ile ya kuchemsha kwenye birika inayokunywewa na kashata ina kitu kinaitwa kafestoli, ni mafuta ya kwenye buni yenyewe, na yanapandisha lehemu mbaya. Ukichuja kwa karatasi ya chujio la kahawa yanabaki kwenye karatasi. Chujio la waya halisaidii. Kikombe kimoja kijiweni sio tatizo, wale wa vikombe vitano sita kila siku wenye lehemu juu ndo waangalie.

Mbege na bia zinapandisha presha, punguza, sina la kuongeza.

Ukila nje

Mama ntilie ni rafiki wa moyo kuliko mgahawa wa chipsi, kwake unapata maharage, mboga za majani, dagaa, unachagua. Mwambie "mama niwekee mboga mbili, maharage mengi, wali kidogo, na usinimwagie mchuzi wa juu" maana mafuta yote yanaelea juu ya lile sufuria. Chipsi mayai, zege, ni mafuta ya dumu yaliyorudiwa pamoja na chumvi ya kunyunyiza, ukishindwa kabisa omba asinyunyize chumvi. Chapati mbili na supu ya asubuhi zinaweza kuwa na mafuta kuliko mlo wako wote wa mchana, badili kwa ndizi za kuchemsha au mhogo wa kuchemsha. Choma, omba na kachumbari nyingi, na ile chumvi ya pembeni iambie ibaki kwenye kisahani.

Wenye dawa wasome hapa kabla ya kubadilisha chochote

Ukianza kula hivi usiache dawa za presha kwa sababu unajisikia vizuri, presha haina hisia, pima kwanza halafu daktari ndo apunguze. Anayetumia warfarin ya kuzuia damu kuganda asikurupuke kuongeza mnafu na mchicha, mboga za majani zina vitamini K inayopunguza nguvu ya hiyo dawa, kiasi kiwe kile kile wiki kwa wiki na waambie kliniki. Mwenye figo zilizochoka, potasiamu inaweza kumrundikia kwenye damu na moyo ukapiga vibaya, kwa hiyo ndizi, parachichi, nyanya nyingi, na zile chumvi mbadala za dukani zilizotengenezwa kwa potasiamu asiguse bila kuuliza, na hata asiye na figo mbaya kama anatumia dawa za presha za kundi la enalaprili au losartani aulize pia. Na anayetumia simvastatini au atorvastatini ya kushusha lehemu, balungi aliache, linafanya dawa irundikane mwilini mpaka iumize misuli. Chungwa na chenza ale tu.